Treni Niliyoipulizia Filimbi Ikaniacha

Jamani, aibu hii nimewaficha ndugu zangu wote kule Kisumu, lakini nyinyi ni wa nyumbani, chekeni tu.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho ya majaribio kama mtembeza wageni kwenye treni ya watalii, ile inayopita reli ya kale bondeni chini ya kilima cha Kibuli, Kampala, na bosi mwenyewe alikuwa behewa la kwanza ili aamue kama nitaajiriwa au nirudi Kenya na begi langu. Tukasimama kwenye kituo cha zamani wageni wapige picha, nikawaonya kwa ukali kwamba atakayechelewa tutamwacha, wakapanda wote, nikapuliza filimbi kumpa dereva ruhusa, halafu (hapa ndipo shetani aliponipitia) nikaona nami nipigwe picha moja tu mbele ya ule ukuta wa matofali, nikamkabidhi simu mwendesha boda mmoja, nikakaa mkao wa kwanza, wa pili, na wa tatu nimeshika kiuno ndipo nikasikia mabehewa yanagongana, treni hiyoo, wageni wananipungia mkono wakidhani ni sehemu ya ziara.

"Nyabo, bibie, panda," akasema yule wa boda. "Hiyo treni tunapata."

Nikapanda kwa kutanua miguu, sketi ya kazi ikachanika mpaka mahali pasipotajwa mbele ya wakubwa, tukakata vichochoro nimejifunika nyuma kwa kofia, tukaibukia pale akina mama wanapouza nyanya juu ya reli yenyewe (treni ikija wanaondoa mafungu, ikipita wanarudisha). Nikamweleza mmoja wao, mke wa askari kutoka Gulu, kwamba treni ile ikipita kazi yangu imekwenda nayo. Akanifunga leso yake kiunoni, akakaa katikati ya reli. Wenzake wakakaa pia.

Treni ikaja polepole kama kawaida yake, ikapiga honi, ikasimama. Dereva akafoka.

"Mimi hapa sitoki," mama akamjibu. "Huyu mtoto yangu apande kwanza."

Nikapanda na leso ya maua, jasho, na nyanya mbili mkononi (sijui nilizitoa wapi), behewa zima likanipigia makofi, na furaha niliyoisikia sijawahi kuisikia hata siku ya kumaliza shule. Bosi akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye leso, akauliza kama akina mama wale wangekubali treni isimame pale kila safari, wageni washuke wanunue. Nikamwambia watakubali, ni watu wangu (nilikuwa nimewajua dakika tano). Barua ya kazi nikaipata jioni hiyo hiyo, nikapita Kampala kifua mbele.

Siku hizi tukifika pale wanashuka wote, hata dereva. Mimi nimeapa sishuki: nyanya naagizia dirishani, mkono mmoja umeshika chuma.