Kijiko cha Macho

Harufu ya spiriti sijaizoea mpaka leo. Nikiisikia imechanganyika na jasho la watu waliobanana kwenye benchi, mate hunijaa mdomoni, nami huwa tena mtoto wa miaka sita kwenye kliniki ya macho ya hospitali moja mjini Ifakara, nimeziba pua kwa ncha ya kanga ya mama yangu.

Niwaambie mapema kwamba nilikuwa mtoto wa kinyaa. Nyumbani kwetu Kisawasawa sikunywea kikombe alichotumia mwingine, na kambale akipakuliwa na ndevu zake nilihama na sahani yangu. Bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale nyumbani, alisema nimekosea njia, nilikuwa nizaliwe ikulu. Mama alinionya tu kwa upole: "Ritha, kinyaa chako kitakuponza."

Mama ndiye aliyegundua jicho langu la kushoto. Siku moja alipokuwa akipepeta mchele, kwa mchezo tu, aliniziba jicho la kulia kwa kiganja akaniuliza kuku wangapi wako mbele yetu. Nikamjibu hakuna kuku. Walikuwa saba, na mmoja alikuwa karibu kupanda ungo. Bibi alicheka, akasema nakwepa kazi ya kuamia ndege shambani. Mama hakucheka. Ulikuwa wakati mpunga unakomaa, na ndege hawana huruma, lakini aliomba siku moja ya kuacha shamba. Baba alimpa huku amenuna.

Basi tukafika kliniki, na sijawahi kuona mahali pa kuchefua vile. Kila mtu alikuwa anatokwa na kitu machoni. Mtoto mmoja alikuwa na inzi pembeni ya jicho, wametulia kama wako kwao, na mama yake alishachoka kuwafukuza. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa akichokonoa tongotongo kwa kidole, analitazama vizuri, kisha analipaka chini ya benchi. Nilijikunja mpaka nikawa nusu ya mtu. Nilikuwa na njaa tangu alfajiri, lakini mama alipotoa kiazi kitamu mkobani nilitikisa kichwa. Kula mbele ya macho yale nisingeweza.

Zamu ya yule mzee ilipofika aliitwa mbele ya ubao wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Kazi ilikuwa kuonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Alipomaliza, nesi aliniita na kusema, "Haya binti, pokea kijiko."

Mimi nilijua vijiko vya namna moja tu. Nikadhani nimeonewa huruma, unakuja uji. Nikapokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na mate nimeshameza. Nilichopewa ni kidude cheusi cha plastiki chenye mpini, kweli kama kijiko, cha kuzibia jicho moja wakati jingine linapimwa. Kilikuwa kimetoka kwenye jicho la mzee saa hiyohiyo. Nesi alikuwa amekipitishia pamba, lakini pamba ilipita katikati tu. Ukingoni lilibaki tongotongo la njano, bichi, na ukope umenasa ndani yake.

Niliziba jicho la kushoto kwanza, kwa kukishikilia mbali kidogo na uso, nikasoma vizuri mpaka mstari wa chini. Kisha nesi akasema nikihamishie upande wa pili. Hapo tongotongo lilikuwa limeelekea puani mwangu kabisa. Nikaacha mwanya. Wahenga walisema macho hayana pazia, nami jicho langu zima lilichungulia pembeni ya kijiko likanisomea kila kitu: juu, kulia, chini, kushoto.

"Macho mazuri kabisa," nesi akasema. "Mama, mtoto wako haumwi."

"Samahani, nesi, naomba umpime tena. Haoni huyu."

"Mama, kaona mpaka mstari wa mwisho. Na unaiona foleni."

Mama alinigeukia. "Ritha, umeona kweli?" Nilijua nikikataa nitarudishiwa kile kidude. Nikasema nimeona.

Tulirudi nyumbani na ndege walikuwa wamekula robo ya jaruba. Bibi alilisimulia jambo lile msibani, harusini na kisimani, jinsi mkwe wake anavyokwenda mjini kutafutia watoto ugonjwa. Mwaka uliofuata mama aliomba tena kunipeleka. Baba aliniita akaniuliza, "Wewe, unaona au huoni?" Nikasema naona. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akageuka akaondoka.

Nilipofika miaka ishirini niliomba kazi ya uaskari wa wanyamapori kule Mang'ula, na kazi ile inataka upimwe afya. Jicho la kushoto likaniumbua. Nikaenda kwa daktari wa macho, mama akanisindikiza. Daktari alieleza kwamba jicho lenyewe halikuwa na kidonda wala mtoto wa jicho, ila ubongo ulilisusa tangu udogoni. Lingetibika kwa miwani na kuziba lile zima kila siku, miezi kadhaa. Sasa muda ulishapita. Akamtazama mama. "Mama, mlikuwa wapi mtoto akiwa mdogo?"

Mama aliinamisha kichwa. "Tulikuwa shamba, daktari."

Nilinyamaza. Ndiyo, nilinyamaza hata pale, mtu mzima wa miaka ishirini. Tulipotoka getini nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba alinileta.

Alikuwa anafunga kanga vizuri kiunoni, hata hakuniangalia. "Ningesema nilikuleta," akajibu, "angekuuliza wewe ulionaje."

Nimechefuliwa na mengi maishani, ya machoni mwa watu na ya kwenye vikombe vyao. Lakini kujichukia mwenyewe nilianza pale getini, nilipoelewa kwamba mama alikuwa anaujua uongo wangu tangu siku ile ya kliniki, na kwamba kicheko cha bibi alikibeba miaka yote ile ili nisiitwe mwongo.