Namba ya Simu Juu ya Sura ya Lalita

"Nipeni kitabu chochote, kiwe na kurasa mia au elfu. Nikikimaliza, kila ukurasa utajua uko sura gani." Severa aliyasema hayo mbele ya foleni nzima ya watu waliokuja kutoa kopi za vyeti kwenye stationery moja ya Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Hakuna aliyemuuliza.

Kazi yake ni kupanga kurasa za vitabu kwenye kompyuta. Wenzake pale dukani walikuwa wanaburuta majina ya sura kwa mausi, ukurasa baada ya ukurasa, kama watu wanaohamisha makabati. Severa anatumia programu ya kuandikia amri. Jina la sura analiandika mara moja tu. Lenyewe linakaa kubwa mwanzo wa sura, linajirudia dogo juu ya kurasa za kulia, linaingia na kwenye orodha ya yaliyomo.

Bosi wake, Elimringi, aliamini jambo moja nje ya kanisa: karatasi haitoki dukani bila namba ya simu ya duka. Kadi za harusi, mitihani ya majaribio, hadi ratiba za mazishi.

"Kitabu cha Mzee Kanubhai nacho kiwekee namba. Juu, kila ukurasa."

"Bosi, mzee kaandika maisha ya marehemu mke wake. Namba weka mwisho kabisa, inatosha."

"Mwisho nani anasoma?"

"Na huko juu unauza nini, rambirambi?"

Severa alipotoka kwenda kula, Elimringi akakaa mbele ya laptop ya Severa. Hakujua pa kuiweka namba, akaibandika pamoja na tangazo kwenye majina ya sura, zote kumi na moja. Akajiona fundi.

Saa nane Kanubhai akafika kutoka Upanga. Severa akampa shikamoo, akachapa nakala, akamkabidhi bila kuipitia. Hilo kosa ni lake. Mzee akafungua sura ya mwisho. *Siku Lalita Alipoondoka. Piga Simu Tukuhudumie.* Mbele yake, namba ya duka. Akafunua. Juu ya ukurasa wa kulia, maneno yale yale kwa herufi ndogo.

"Binti, hii nini?"

Severa aligeuza skrini mzee aone, akafuta tangazo na namba sura moja moja, bila haraka. Halafu akaiandikia ya mwisho amri yake peke yake: isiwe na namba ya sura wala mstari, jina tu katikati, na juu ya kurasa zake zote pabaki patupu.

"Rudisha namba," Elimringi alisema, "au chukua vitu vyako uondoke."

"Laptop yangu. Programu nimeweka mimi. Nikichukua vitu vyangu, bosi, utabaki na feni."

Akafunga laptop, akatoka. Kanubhai naye akachukua fimbo yake.

"Mzee, wewe unaenda wapi?" Elimringi akamuuliza.

"Lalita yuko ndani ya ile laptop. Mimi hapa nibaki na nani?"

Sasa Severa ana meza Mchikichini, katikati ya viatu vya mitumba. Kitabu kilitoka, na sura ya kumi na moja iko vilevile alivyoiacha Severa, juu patupu. Juzi Elimringi alituma mtu aulize bei, ana mteja mwenye kitabu. Severa akamjibu: ukurasa mmoja ni shilingi elfu mbili, bosi wa zamani hana punguzo.