Mwalimu Anayesahihishwa

Kila asubuhi, kabla ya hesabu, mwalimu wa madarasa ya chini husahihishwa na wanafunzi wake. Alifika katika shule hii ya jamii akiwa hajui hata neno moja la lugha yao, nao hawaijui yake, wakabaki kukodoleana macho. Basi wakapatana: robo saa ya kwanza, walimu ni wao. Yeye huandika sentensi ubaoni kwa lugha yao, na binti wa fundi viatu hushika chaki akatoa hukumu. Huruma huyo binti hana hata chembe. Kwa miaka mitatu mwalimu hakuwahi kupata alama ya vema kwa sentensi nzima.

Na kwa miaka hiyohiyo alikuwa akiomba uhamisho. Tusimlaumu. Bati linavuja, vitabu havitoshi, na wakaguzi humuuliza kama anaridhika na kazi, kisha wakaondoka hajamaliza kujibu. Barua ya kumkubalia ilipofika, dada yake wa mjini alikuwa ameshamtafutia chumba.

Aliona kuwaaga watoto kwa lugha nyingine ni kuwakimbia. Akaandika polepole kwa lugha yao: Ijumaa ninaondoka, sitarudi.

Binti wa fundi viatu akasimama mbele ya ubao, akapitia neno moja moja akitafuta kosa.

"Weka kosa!" wenzake walimnong'oneza. "We, weka kosa tu!"

Mwalimu naye aliomba kimoyomoyo lipatikane. Halikuwepo. Mtoto, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, akainua mkono akaweka vema kubwa.

"Umepata, Mwalimu," alisema, akarudi kukaa, akalaza kichwa juu ya dawati.

Mwalimu alitoka nje akampigia dada yake simu.

"Dada, kile chumba apewe mtu mwingine. Barua namrudishia mkuu wa shule leo."

"Mdogo wangu, umerukwa na akili? Si ndicho ulichokililia miaka yote hii? Huko wamekupa nini?"

Alitafuta jibu la maana, la mtu mzima mwenye cheti. Watoto walikuwa wamejazana dirishani wakimtazama, na yeye aliwapenda mno.

"Wananifundisha ukweli, dada," alisema, akaangua kilio mbele yao wote bila kuona haya.