Jumapili za Hesabu Doornfontein

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa nilipoamua kuwa karani wa serikali. Nasema niliamua, sisemi nilitamani, kwa sababu tangu jioni ile mume wangu aliponiletea tangazo, haikunipitia akilini kwamba nafasi ile ingeweza kwenda kwa mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa fundi wa nguo Malvern, kwenye Mtaa wa Jules. Kibanda changu kilibanwa katikati ya duka la simu na kinyozi wa Kikongo. Nilipunguza suruali, nilibadilisha zipu, na kila Januari nilishona sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitoka Tanga nikiwa na miaka ishirini na mbili kumfuata kaka yangu aliyekuwa akiuza vitenge mjini huku. Kaka alirudi nyumbani, mimi nikabaki, nikaolewa na mtu wa Soweto. Kwa ndoa hiyo, na kwa miaka ya kupanga foleni, nikapata uraia. Cheti changu cha kidato cha sita nacho nilishakipeleka kulinganishwa na vya hapa, kikarudi na mhuri. Makaratasi yangu yalikuwa kamili. Kilichokuwa kimechoka ni mgongo.

Mume wangu ni Mzulu aliyejifunza Kiswahili kwa kunisikiliza nikigombana na kaka yangu kwenye simu, kwa hiyo hata akiongea kwa upole unadhani anafoka. Aliliweka tangazo juu ya cherehani.

"Soma hii. Karani wa masjala, ofisi ya jimbo. Kazi ni kutunza mafaili. Lakini kuna mtihani wa kupima uwezo."

"Uwezo gani?"

"Hesabu, kusoma na kuelewa, na maumbo. Wanakuchorea karatasi, wanakuuliza ikikunjwa itakuwa vipi."

Nilicheka. Mtu aliyekata mikono ya makoti kwa miaka kumi na saba aulizwe karatasi ikikunjwa itakuwa vipi!

Alinichapishia mtihani wa mfano kutoka kwenye mtandao. Nikaufanya pale kibandani asubuhi moja, wateja wakija na kuondoka. Maumbo niliyapata yote. Kwa jumla nilipata kumi na moja kati ya thelathini. Sikufadhaika. Niliamua kwamba karatasi ile ina makosa, nikaiweka chini ya mkasi.

Ndipo alipoingia mteja wangu mmoja, mama wa Kirundi, kuchukua sketi yake niliyoiteremsha pindo. Alikuwa akifanya usafi kwenye majengo ya chuo kule Doornfontein. Mwanamke mwembamba, anavaa miwani iliyofungwa kamba nyuma ya shingo, na katika miaka minne niliyomshonea sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya vipimo na asante. Aliiona karatasi, akaivuta bila kuniomba.

"Watu watatu wanapanga mafaili yote kwa siku nne," alisoma. "Watu watano watayapanga kwa siku ngapi? Weye umeandika siku nne."

"Ndiyo. Watu watano wakikaa chumba kimoja watapiga soga. Zitakuwa siku nne zilezile."

Alinitazama juu ya miwani, akachukua chaki yangu ya kuchorea nguo, akaandika ukingoni mwa meza: tatu mara nne, kumi na mbili, kumi na mbili gawa kwa tano, mbili nukta nne. Aliandika haraka, na tarakimu zake zilisimama zimenyooka kama za kwenye ubao.

"Huu mtihani umeufanya kwa muda gani?"

"Mpaka ulipoisha."

"Non. Hapo ndipo ulipoanguka. Njoo kwangu Jumapili, baada ya ibada, saa nane. Uje na penseli. Simu uiache."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mwanamke niliyekuwa nikimpima kiuno alikuwa amefundisha hesabu Bujumbura, shule ya sekondari, miaka tisa. Tangu siku hiyo sikumwita tena mama. Nilimwita Mwalimu, naye hakunikataza.

Alikaa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa imekufa siku nyingi, na mtu alikuwa ameigeuza kuwa stoo ya magodoro. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja kubwa linalotazama karakana ya kuchomelea vyuma, iliyofungwa siku za Jumapili, na ndiyo maana alichagua siku hiyo. Tulikaa meza ya plastiki, saa ya kengele katikati yetu. Maswali thelathini, dakika ishirini na tano. Kengele ikilia, penseli chini, hata kama neno halijaisha.

Jumapili ya kwanza nilifika swali la kumi na mbili.

"Swali la tisa limekula dakika saba," alisema Mwalimu. "Kwa nini hukuliruka?"

"Siwezi kuacha kitu nusu. Nguo ikiwa mezani naimaliza."

"Hii si nguo. Ukikwama, ruka. Lile jepesi liko mbele linakungoja, nawe umekaa hapa unabishana na hili."

Kuruka kuliniuma kuliko hesabu yenyewe. Nilikuwa naruka huku jicho limebaki nyuma. Lakini kufikia Jumapili ya tatu nilikuwa nimefika mwisho wa karatasi na dakika mbili mkononi, na asilimia na uwiano vikaanza kunitii. Nilivigeuza kuwa mita za kitambaa kichwani mwangu, kimyakimya, kwa kuwa Mwalimu hakupenda.

Tulichogombania hasa ni sehemu ya kusoma. Unapewa habari fupi kwa Kiingereza, halafu sentensi, nawe useme ni kweli, si kweli, au haiwezekani kusema. Mimi nilikuwa na hakika na kila jambo, kwa hiyo lile jibu la tatu nililiona la watu waoga. Siku moja habari ilikuwa hivi: kila mfanyakazi wa ofisi fulani hufika kabla ya saa mbili asubuhi. Bwana mmoja alifika kwenye ofisi hiyo saa moja na nusu. Sentensi: bwana huyo ni mfanyakazi wa ofisi hiyo. Nikaandika kweli.

"Wapi wamesema?" aliuliza Mwalimu.

"Hawana haja ya kusema. Nani mwingine anakwenda ofisi ya serikali saa moja na nusu asubuhi?"

Mwalimu aliweka penseli chini polepole.

"Mimi nimefika ofisi ya vibali saa kumi na moja alfajiri kwa miaka kumi na moja," alisema. "Hawajaniajiri mpaka leo."

Nikalifuta jibu langu. Halafu yeye mwenyewe akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini baada ya kicheko aliiegemeza mikono yake mezani akasema kwa sauti ile ya darasani, "Sikiliza, dada yangu. Weye una akili ya dukani. Mteja akiingia unamjua kabla hajasema. Ni akili nzuri, imekulisha. Kwenye karatasi hii iache mlangoni. Usijibu unachokijua. Jibu kilichoandikwa."

Nikishuka ngazi siku ile nilifikiria jambo jingine, na Jumapili iliyofuata nilimwuliza.

"Mwalimu, kwa nini usiombe na wewe? Ungewashinda wote, mimi nikiwemo."

Alilifungua tangazo langu, akateremsha kidole mpaka mstari wa nne kutoka chini: raia, au mwenye ukaazi wa kudumu. Yeye alikuwa na kibali cha ukimbizi, kinachohuishwa na kuhuishwa.

"Mtihani naumudu," alisema. "Fomu ndiyo inanishinda, kwenye swali la kwanza kabisa." Akazungusha ufunguo wa saa. "Haya. Dakika ishirini na tano."

Nilifanya karatasi ile vibaya kuliko zote za mwezi ule. Nilikuwa na aibu, na sikujua aibu ya nini, maana sikumnyang'anya kitu. Aliisahihisha, na mwisho akaniambia tu, "Leo ulikuwa unanihurumia. Huruma haina maksi. Wiki ijayo uje umekasirika." Nikaja nimekasirika. Nikapata ishirini na sita.

Kwa hiyo siku ya mtihani ilipofika nililala vizuri usiku na asubuhi nilikunywa chai yangu yote. Mume wangu ndiye aliyehangaika. Aliniuliza mara tatu kama nimechukua kitambulisho, akanisindikiza mpaka kituo cha teksi, na nilipopanda bado alikuwa akiniashiria kwa dirisha: kitambulisho? Nikakiinua juu abiria wote wakakiona.

Ukumbi ulikuwa na safu za kompyuta na vijana wengi ajabu, wengi wao hawajafika miaka ishirini na tano. Binti aliyekaa kando yangu alikuwa anatetemeka goti, meza yetu ikitikisika pamoja naye. "Mama," aliniambia kwa Kizulu, "nasikia wanachukua wachache sana." Nikamjibu kwa Kizulu changu cha Mtaa wa Jules kwamba wachache hao lazima wawe watu, na sisi ni watu. Goti likatulia kidogo.

Hesabu zilikwenda. Niliruka mawili, nikayarudia, moja likakubali. Maumbo niliyafurahia kama mtu anayekula tunda. Halafu ikaja sehemu ya kusoma, na habari ya tatu ilinifanya nisogeze kiti. Ilihusu karakana ndogo ya kushona sare. Karakana ilinunua vyerehani vipya. Mwaka uliofuata ikashona sare nyingi zaidi ya mwaka uliotangulia. Sentensi: vyerehani vipya ndivyo vilivyoongeza kazi.

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshakwenda kwenye si kweli. Nani ajuaye vyerehani kuliko mimi? Mashine mpya inakuchelewesha miezi miwili kabla haijakufaa. Huenda waliongeza mafundi, huenda shule mpya ilifunguliwa jirani. Nikajikuta naiendesha karakana ile kichwani, naajiri watu, nagombana na mwenye nyumba. Saa iliyo kwenye kioo ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Nikairudia habari ile neno kwa neno, nikiitafuta sentensi inayosema kwa nini sare ziliongezeka. Haikuwepo. Haiwezekani kusema. Nikabonyeza, nikaendelea.

Nilitoka pale najua nimefaulu. Mume wangu aliponipigia kuuliza nadhani itakuwaje, nilimwambia sidhani, najua. Alisema, "Eish, mke wangu," akakata.

Ujumbe ulikuja baada ya wiki sita, nikiwa naingiza uzi kwenye sindano. Nimefaulu, niende kwenye usaili. Usaili ulikuwa wa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na mmoja wao alitaka kujua kwa nini fundi wa nguo anataka kukaa na mafaili. Nilimwambia kwamba kwa miaka kumi na saba nimetunza nguo za watu mamia, kila moja na jina lake na siku yake, na sijawahi kumpa mtu suruali ya mwenzake. Mwenyekiti wao aliandika kitu. Mwezi uliofuata barua ya kuajiriwa ikaja.

Nilikwenda mwenyewe kumwonyesha Mwalimu, sikumpigia simu. Ilikuwa Jumatano, nikamkuta nje ya jengo la chuo na ndoo na fagio, karibu anamaliza zamu. Aliisoma barua yote, mpaka anwani iliyo chini, akaikunja kama ilivyokuwa. Kisha akanishika mikono yote miwili na kuitikisa kwa nguvu, macho yakamjaa machozi, akasema kitu kwa Kirundi, sikuelewa, wala sikumwomba anifasirie.

Habari ilitembea Malvern kwa siku mbili. Kinyozi jirani yangu alikuwa na mke mwenye ukaazi wa kudumu, akaja kuuliza. Akaja dada mmoja wa Unguja, naye raia kwa ndoa kama mimi. Kufikia mwisho wa mwaka Mwalimu alikuwa na wanafunzi sita na ratiba iliyobandikwa mlangoni, na kanisa lake likampa chumba chenye ubao, kwa sababu ngazi za ghorofa ya nne zilikuwa zinawachosha wanafunzi kabla ya somo. Kibali chake bado ni kilekile. Hilo halijabadilika, na sitalisimulia kana kwamba limebadilika.

Mimi nilianza kazi siku ya Jumatatu. Msimamizi alinipeleka kwenye chumba chenye rafu mpaka darini, akanionyesha lundo la mafaili lililokuwa sakafuni. Alisema nisiwe na wasiwasi, kila karani mpya huanza nalo na hakuna aliyewahi kulimaliza. Nikavua koti, nikalitundika nyuma ya mlango, nikachuchumaa. Faili la kwanza halikuwa na jalada. La pili lilikuwa na jina la mtu mmoja juu na karatasi za mtu mwingine kabisa ndani. Nilimwomba msimamizi kalamu nyekundu na vibandiko, na akaenda kuvitafuta.