Jina Aliloliita Mama

Mama alipofariki tulibaki wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi nafundisha fasihi katika chuo kimoja mjini Kitale. Yeye ni fundi wa umeme na anaishi na mkewe Kanduyi. Tulimzika mama nyumbani Kiminini, na wiki hiyohiyo nikaibeba cherehani yake nikaipeleka kwangu. Niliona ni haki yangu, kwani mimi ndiye niliyemuuguza. Mdogo wangu hakunigombeza. Aliacha tu kupokea simu zangu.

Mwaka uliofuata nilikuwa nikifundisha uhakiki wa kisaikolojia, ule unaomtazama mhusika kwa yale anayoyataka bila mwenyewe kujua. Tulikuwa tukisoma hadithi fupi ya ndugu wanaogombania kitanda cha marehemu mama yao. Niliwaeleza wanafunzi kwamba shida si kitanda. Kila mmoja anatafuta ushahidi kuwa yeye ndiye aliyependwa zaidi. Nikaongeza kwamba mzazi akiondoka, watu wazima hurudi kuwa watoto, na hasira ambayo hawawezi kumwonyesha marehemu humwangukia ndugu aliye karibu. Nilipofika hapo nikaketi. Wanafunzi walidhani nimechoka.

Jumamosi nilikwenda Kanduyi. Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku zake za mwisho hospitalini, mama hakuniita kwa jina langu hata mara moja. Nikimgeuza kitandani, nikimnywesha uji, aliniita kwa jina la mdogo wangu. Nami nilikuwa nimefundishwa, na nikafundisha wengine, kwamba ulimi ukiteleza hutoa yaliyofichwa moyoni. Kwa hiyo niliamini kwamba muda wote ule alikuwa akimtamani yeye, huku mikono ni yangu.

Mdogo wangu alinikaribisha bila maneno mengi. Wifi yangu alituletea chai, kisha akatoka kwenda kuanua nguo. Nilianza kueleza habari ya cherehani, lakini mdogo wangu akanikatiza.

“Mimi sina haja na cherehani. Wewe ulikuwa naye mpaka mwisho, dada. Mimi nilikuwa kazini Webuye, nikapigiwa simu nikiwa juu ya ngazi.”

Ndipo nikamwambia jinsi mama alivyokuwa akiniita hospitalini. Nilimwambia pia kwamba niliondoka hospitalini nikiona kama nilikuwa nimeshika nafasi ya mtu mwingine.

Alizungusha kikombe mkononi. Kisha akaanza kucheka polepole, na machozi yakamtoka.

“Lakini mimi aliniita jina yako tangu nikiwa mdogo. Akinituma maji, jina yako. Akinichapa, jina yako. Mimi nilijua ni wewe tu anaona kwa hii nyumba.”

Ilikuwa kweli. Nikakumbuka nilivyokuwa nikitoka mbio jikoni nikidhani naitwa, nikamkuta yeye ndiye anayepewa ndoo. Kumbe sote wawili tulikuwa na wivu uleule, kwa neno lilelile. Nilikuwa nimemsoma mama kama mhusika wa kitabu, nikaipa kauli yake maana moja iliyoniumiza. Huenda kwa mama watoto wake wawili walikaa mahali pamoja, na ulimi wake ulichukua jina lililokuwa karibu. Huenda pia si hivyo. Hayupo wa kuulizwa.

Nilimtumia wifi yangu cherehani mwezi uliofuata, naye sasa huwashonea majirani sare za shule. Mimi na mdogo wangu bado tunakosana, lakini tunakosana kwa simu, na simu inapokelewa.

Mvua zilipoanza tulikutana Kiminini kupanda mahindi. Tulibishana kidogo kama tuchanganye maharagwe, tukachanganya. Tulipopumzika kando ya shamba aliniuliza habari za baba, aliyefariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alitaka kujua baba alicheka vipi. Hakuna mwingine aliyebaki wa kumwambia. Nikaweka jembe chini nikajaribu kucheka kama baba, kicheko cha kifuani kinachokatika katikati, naye akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie.