Zebaki ya Jinoni

Jino lilipasuka tulipofika Nanyala, tukitoka msibani, kwa ulafi wangu wa mahindi ya kuchoma. Nilihisi kitu kigumu ulimini, nikakitema kiganjani. Kilikuwa kipande cheusi cha ile dawa niliyozibiwa jino nikiwa binti, nilipokaa kwa shangazi ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mume wangu akacheka. Kwa daktari wa meno hakucheka tena.

Daktari, mama mmoja mpole, alisema dawa iliyobaki lazima itoke, aweke nyingine nyeupe. Mume wangu, kwa udadisi wake, akauliza ile ya zamani imetengenezwa na nini.

"Fedha na madini mengine, yamechanganywa na zebaki."

Jamani! Mtu aliruka kwenye kiti. Mume wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, zebaki anaijua kuliko anavyonijua mimi. Akirudi Tunduma na mchanga wake kutoka machimboni, anaikamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha kile kidonge cha mchanganyiko anakichoma, zebaki iondoke na moshi ibaki dhahabu, kwenye jiko la mkaa pale uani, karibu kabisa na ninapopikia. Miaka nimegombana naye. Nimemwambia moshi ule utakuua, na sisi utatuua. Jibu lake ni lilelile: "Mama watoto, wewe pika, mimi najua kazi yangu." Sasa mtu huyohuyo anamsihi daktari: "Itoe haraka, mke wangu asije akafa!"

Nilitaka kumcheka, ila mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Daktari akamtuliza. Dawa ya namna ile ikiwa nzima jinoni haina haja ya kubanduliwa. Yangu inatoka kwa sababu imevunjika. Ila wakati wa kuikata ndipo mvuke unapotoka. Basi akafungua madirisha, akavaa barakoa, akanitandazia kipande chembamba cha mpira mdomoni, akawa anakata huku maji yakimwagika na mrija ukifyonza. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama.

Alipomaliza, niliuliza nitumie nini kusafisha mwili, maana sokoni kwetu chupa za kusafisha damu zipo za kila rangi.

"Usinunue hata moja," daktari akasema. "Kula vizuri, kunywa maji, pumzika. Hicho kidogo kilichoingia mwili utakitoa wenyewe."

Nyumbani nikalala. Nilipoamka nilimkuta ameketi kando ya kitanda na glasi kubwa ya maziwa aliyoyachemsha mwenyewe, yeye ambaye hata chai hajui kubandika.

"Kunywa yote," akasema. "Maziwa yanakamata zebaki. Sisi machimboni tukishachoma tunakunywa, basi, tuko salama."

Hee! Kumbe miaka yote ile haikuwa kiburi. Mwanaume alikuwa anajikinga kwa maziwa! Hasira ilinipanda, nikamwambia bila kumung'unya maneno: "Yanashibisha tu hayo. Moshi unauvuta kwa pua, maziwa yanaufuata wapi? Mbona daktari hakuninywesha maziwa? Si ulimwona anafungua madirisha?"

Akaitazama ile glasi. Kisha akasema polepole, kana kwamba mimi simo chumbani: "Yule mwenzangu wa shimoni... mikono inamtetemeka, mpaka shati anafungwa vifungo na mkewe. Sisi tukamwambia aongeze maziwa."

Niliumia. Miaka nilikuwa natamani nimshinde kwenye ugomvi huu, na nilipomshinda sikuutaka tena ushindi wenyewe.

"Baba watoto," nikamwambia, "zebaki haichomwi tena, si hapa, si kule. Na wewe tunaenda kupima."

Akaitikia kwa kichwa. "Haya, shika maziwa yako. Yanapoa."

Niliipokea ile glasi nikimtazama usoni tu. Niliogopa kuuangalia mkono wake.