Kibati cha Pampu ya Upepo

Mshale wa kipimo cha upepo wa breki ulianza kushuka hata hatujafika nusu ya njia kutoka Butiama kwenda Musoma. Dereva aligonga kioo cha kipimo kwa kidole, kisha akasimamisha lori kabla ya mteremko. "Fundi," akaniambia, "breki hakuna."

Kwenye kabini alikuwepo mzee mmoja amejikunja, ngiri imembana tangu alfajiri, na mkewe amempakata kichwa. Mganga wa zahanati alikuwa amesema afikishwe hospitali Musoma kabla ya jioni, la sivyo tusihangaike. Wazee hao ndio waliomzaa msichana niliyekuwa nikimchumbia. Mimi nilikuwa fundi wa karakana moja Mwisenge, pale Musoma mjini, nimekwenda kijijini kwao kutengeneza mashine ya kusaga, nao walikuwa wameshaanza kuniita mwanangu.

Walichokuwa hawajui ni kwamba baba yangu alikuwa mhunzi. Kwa watu wa kule, mkulima na mhunzi waliweza kuuziana jembe, kusalimiana, hata kuzikana. Kuoana, hapana. Kwenye mikutano ya kijiji cha ujamaa sote tulikuwa ndugu, lakini jioni kila mtu alirudi kwenye ukoo wake. Nilikuwa nimewaambia kwetu ni upande wa Bunda na tunalima pamba. Pamba kweli tulilima. Msichana mwenyewe alijua yote, akaniomba nifunge mdomo mpaka posa ipokelewe.

Ilikuwa Jumapili, saa nane imeshapita, na siku hizo magari yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Sisi tulikuwa na kibali kwa ajili ya mgonjwa. Gari jingine la kutuokoa halikuwepo.

Nilifungua kichwa cha pampu, ile inayojaza upepo wa breki. Kibati cha vali, kipande chembamba cha chuma kinachozuia upepo usirudi ulikotoka, kilikuwa kimekatika vipande viwili. Spea labda Bunda, labda Mwanza, labda hakuna kabisa. Dereva akasema tuteremke taratibu kwa gia. Nilimtukana, na sijutii. Lori limejaa pamba mpaka juu, chini kuna daraja jembamba, yeye ananiambia habari za gia!

Nilijua la kufanya tangu nilipokiona kile kibati, na ndilo lililonitia hofu. Kwenye nyumba iliyokuwa kando ya barabara tulipata mkaa, pampu ya baiskeli na msumeno wa mbao uliovunjika. Nikamwambia dereva apulize moto kwa ile pampu ya baiskeli. Nikajionya: fanya kama fundi wa karakana, usifanye kama baba.

Kipande cha msumeno kikawa chekundu. Nikakiweka juu ya mwamba, nikainua nyundo. Kabla sijakigonga, mkono wangu ukagonga mwamba mtupu mara mbili. Baba alifanya hivyo siku zote kabla ya pigo la kwanza, kuwaarifu waliomtangulia kwenye kazi. Sikukusudia. Mkono ulijiendea wenyewe.

Nilipoinua macho, mke wa mzee alikuwa ameshuka, amesimama hatua chache kutoka kwangu.

"Mwanangu," akasema, "hivyo wanagongaga wahunzi. Tulivyokuwaga wadogo, tukisikia hivyo tunakimbia."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni wa kwao?"

Ningeweza kusema nimeiga mahali. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini chuma kilikuwa kinapoa, na kutoka kabini mzee alitoa sauti ndogo ya mtu aliyechoka hata kulia.

"Ni wa kwao," nikasema, nikagonga.

Alirudi kwa mumewe. Mimi nikakata kibati kwa patasi, nikakisawazisha kwa tupa, nikakichoma tena na kukizamisha kwenye oili ya injini. Kisha nikakirudisha motoni pole pole mpaka rangi ya bluu ikatokea. Isipofika bluu, chuma kinavunjika, ikipita, kinalegea.

Tulifunga pampu, dereva akawasha. Mshale ulikaa chini muda mrefu, nikaanza kujilaani. Kisha ukapanda kidogo, ukapanda tena. Dereva akakanyaga breki, zikakamata. Tuliuteremka ule mteremko salama, na jua lilikuwa bado juu tulipomkabidhi mzee kwa wauguzi.

Siku ya nne nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi kitandani, amepasuliwa, anakunywa uji. Akanishika mkono.

"Umeniokoa, baba. Hilo nitalisema mpaka nife. Lakini binti sitakupa."

"Mzee, si wewe uliyekuwa ukisimama mkutanoni kusema sisi sote ni ndugu?"

"Nilisema, na nitasema tena. Shambani ni ndugu. Nyumbani mwangu, hapana."

Nilitaka kumwambia kwamba pumzi anayonijibia nimeichonga mimi kwa chuma cha msumeno. Nilitaka kumwumiza, nakiri. Lakini mkono wake ulikuwa hauna nguvu na kikombe kilianza kumwinamia. Nikakishika, nikamnywesha mpaka uji ukaisha, nikampangusa kidevu, nikatoka.